Shauri Langu Lilipotupwa

Mwaya, Kyela

Mjukuu wangu Tupokigwe,

Ugonile? Sisi hatujambo. Mpunga umechanua, na kifua cha babu yako kimepata nafuu.

Umeniuliza kama niliona aibu mahakama ilipolitupa shauri langu. Nilikuwa msichana bado. Ofisi mbili za serikali zilikataa kunitambua kuwa raia kwa sababu mama alizaliwa ng'ambo ya Mto Songwe, nje ya mpaka, nami nikazishtaki kule Mbeya bila wakili. Jaji alisoma uamuzi kwa Kiingereza. Karani akaninong'oneza, "Limetupwa."

Nilisimama nikauliza, "Mheshimiwa, kwa hiyo mimi si Mtanzania?"

Jaji akavua miwani, akanijibu kwa Kiswahili. "Sijasema hivyo, binti. Hukuipa serikali notisi ya siku tisini kabla ya kushtaki, ndiyo maana sikuweza kukusikiliza."

Nililia hadi stendi. Ndani ya basi ndipo nilipoelewa kwamba hakuna aliyekuwa ameamua bado kama mimi ni raia au la. Nikaandika notisi. Siku zake zilipokaribia kwisha, watu wa zile ofisi waliniita wakanipa barua ya kunitambua. Mama hakuwahi kuiona.

Aibu niliona, mjukuu wangu, siku ile moja. Ndaga, asante kwa kuniuliza. Wanangu hawakuwahi.

Bibi yako