Kuku wa Shasha Walionuka Samaki

Kampala, Juni 2009. Huu ni mwaka wa kumi na tatu tangu tuondoke Masisi, Kongo.

Mjukuu wangu Furaha,

Bibi yako anakusalimu. Goti linamsumbua, ulimi bado mzima. Unasema wateja wanarudisha kuku wako kwa sababu wananuka samaki, nawe unataka kuacha ufugaji. Usiache. Tatizo ni chakula. Nililiona hapo hapo Shasha unapofugia, kando ya ziwa letu la Masisi, miaka ya sitini, nilipomchumbia bibi yako.

Kuku wetu walikula matumbo ya samaki. Baba wa bibi yako alipokuja kutoka kwao Nyabiondo kujibu posa, mama yangu alimchinjia jogoo mnene. Mzee alionja, akaiacha firigisi, fungu la baba mkwe. Kuiacha ni kukataa posa.

"Hii iko kuku ao samaki?" aliuliza.

Mama hakuinamisha kichwa. "Papa, rudia nyuma ya mavuno. Utakula kuku ya hapa hapa."

Akawafungia vifaranga uani, akawalisha mahindi na majani, matumbo hapana. Majirani wakamcheka: "Mama iko nasomesha kuku!"

Mzee aliporudi baada ya mavuno, mafuta ya kuku ambayo zamani yaliyeyuka vidoleni yalikuwa magumu, ya manjano, bila harufu. Alikula firigisi kwanza, kisha akasema, "Mutoto ni wenu."

Anachokula kuku hubaki katika mafuta yake. Basi acha mabaki ya samaki wiki kadhaa kabla ya kuuza, uwape mahindi.

Umeahidi kunijengea chumba Shasha ukifanikiwa. Badala yake jenga banda la kuku kubwa zaidi, mwanangu. Mimi sitarudi.

Babu yako