Amina Niliyomwitikia Mama Musu

Alief, Amerika, Jumanne

Na kitanda chake wameshakitandika upya. Mama Musu wa Liberia, niliyemlisha na kumwogesha miezi minane kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, amefariki leo alasiri.

Tangu apate kiharusi, Kiingereza kilimtoka akabaki na Kikuwaa tu, lugha ya watu wachache kwao. Jumapili nesi alimtafutia mkalimani kwa simu, akapewa mtu wa Kibassa, lugha nyingine ya Liberia. Eti zote ni lugha za Kikru, wataelewana! Mama alisikiliza kidogo, akageukia ukuta.

Leo alinishika mkono, akasema maneno yale yale mara tatu, polepole, macho juu. Nikajua anaomba. Nikapiga magoti nikaitikia, "Amina, Mama. Amina." Akauachilia mkono wangu, akafumba macho.

Binti yake, Comfort, alifika kutoka Cedar Hill, mwendo wa saa nne kwa gari, tumeshamfunika. Nilikuwa nimeyashika yale maneno, nikamtamkia. Akalia.

"Anti, mimi sijui. Ma hakutufundisha. Alisema Kikuwaa hakitatupa kazi Amerika."

"Hakuna mwingine wa kumuuliza?"

"Alikuwepo mjomba. Tulimzika mwaka jana."

Nimeyarudia jikoni kwangu nikiosha vyombo, yananitoka vizuri kabisa. Labda ni sala. Labda alikuwa akisema kifua kinamuuma, niite mtu upesi, na mimi nimepiga magoti pale, namjibu...

Baba uliye mbinguni, wewe ulimwelewa. Kila usiku nakuuliza mambo mengi. Hili naogopa kukuuliza.