Mwaka Mmoja Bila Keshia Wetu wa Kaunta ya Nne

Mwaka umetimia sasa, binti yetu, tangu homa ya mapafu ikuondoe kwetu ghafla.

Bado tunakusikia. Ulipopakua chakula ulituita kama wateja wako: "Anayefuata!" Nami, baba mzima, nilisogeza sahani bila ubishi.

Miaka kumi na mmoja ulikuwa keshia, umesimama kutwa. Ukirudi, mama yako alikutengea beseni la maji ya chumvi, ukaloweka miguu huku ukicheka: "Baba, dukani kwetu hata tikitimaji lina pa kukaa, mimi tu sina." Wazee waliipenda foleni yako hata ilipokuwa ndefu, maana hukumharakisha mtu anayetafuta miwani yake.

Ulipoanza kuwashawishi wenzako wajiunge na chama cha wafanyakazi, zamu zikawa zinabadilishwa kila wiki ili msikutane. Mkawa mnasaini orodha ya kujiunga kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mmoja akilinda mlango. Mimi, niliyejivunia masomo yangu ya jioni, nilikushauri orodha iwe na namba, kama barua rasmi. Jina lako likawa namba moja. Meneja alipoinasa, hakuhitaji kuuliza nani alianza. Ulihamishiwa stoo ya baridi, na waliokufuata wakaja mmoja mmoja kufuta majina yao.

Hukunilaumu. Ulisema tu, "Mpangilio ulikuwa mzuri, Baba." Afadhali ungenigombeza.

Sasa mdogo wako, keshia katika duka hilohilo, ana karatasi mpya. Safari hii wamesaini kwa duara, asijulikane wa kwanza. Jumatatu asubuhi ataipeleka kwa meneja. Mama yako chakula hakimshuki. Nami nilimsihi mdogo wako, "Mwanangu, mwachie mwingine."

Akanijibu, "Karatasi haina wa kwanza, Baba, lakini haina miguu pia. Lazima mtu aibebe."

Usingizi umenipaa. Jumatatu nitaongozana naye hadi mlangoni, nisimame nje ya kioo mpaka nimwone amerudi kwenye kaunta yake. Asiporudi, nitaingia.

Unakumbukwa na baba yako na mama yako, mumeo, mwanao aliye darasa la pili, mdogo wako, shangazi zako, na makeshia wenzako, ambao wameomba tusiwataje.

Tutakukumbuka siku zetu zote.