Kiota cha Korongoni

Jumatatu, 4 Februari 2019

Nimempata! Muda wote huu namfuata yule ndege mvumaji jike, mwenye soksi nyeupe za manyoya miguuni kama msichana wa komunyo ya kwanza, na kila nikibonyeza kamera napata ua tupu linalotikisika. Leo nimemfuata kwa macho tu, kamera begani. Kashuka korongoni, kanyofoa utando wa buibui kwenye jiwe, kapotea chini ya jani pana. Kiota! Kidogo mno — kingeingia kwenye kikombe cha kahawa na nafasi ikabaki. Mayai mawili meupe, kama maharage.

Picha moja, kwa mbali, bila flashi. Nikarudi kinyumenyume.

Nimemwambia Fausto peke yake. Hakuinua hata kichwa kwenye ndizi zake za kuponda. Ndege mvumaji wamejaa hapa kama nzi, Nelida, kasema. Sawa. Mume wangu ni mtu wa miwa na sukari guru. Siri iko mahali salama.

Jumatano, 6 Februari 2019

Kuna mtu ameingia korongoni.

Jani lililofunika kiota halipo. Halikuvunjika — limekatwa. Kwa mkasi, mkato umenyooka. Nani?

Jirani Hermelinda ana mgeni tangu wiki iliyopita. Burbano, mpiga picha kutoka mji mkuu, Quito, lenzi yake ndefu kama mkono wa mtu mzima. Watu wa namna hiyo hutaka kiota kikae wazi, mwanga uingie, picha ing'ae. Na mvua je? Mvua haiwahusu, wao watakuwa wameshaondoka.

Nimefunika kwa jani jingine, nimelifunga kwa uzi. Mama mtu akinizunguka kichwani, mbawa zinavuma kama cherehani. Nisamehe, mama. Si mimi.

Ijumaa, 8 Februari 2019

Nimempelekea Hermelinda mchaichai. Kisingizio tu. Mgeni alikuwa barazani, mstaarabu kupita kiasi. "Habari za asubuhi, Doña Nelida!" Sijawahi kuonana naye. Nani kamwambia jina langu?

Kanionyesha picha ndani ya kamera. Nzuri, nakiri. Ndege mvumaji dume kageuka kidogo tu, koo lililokuwa jeusi likawaka kijani kama kioo cha kanisa. Nikaona wivu. Halafu picha moja akaipitisha haraka. Niliona jiwe la kijivu. Jiwe lile la korongoni! Nikauliza, hiyo ya wapi? Imeharibika tu, kasema, na kamera akaizima. Hermelinda akacheka: jirani, kwa macho hayo unayomkazia mgeni wangu, Fausto akikuona tutazika mtu! Sikucheka.

Nikapitia korongoni. Makinda wametoka! Weusi, vipofu, midomo wazi. Jani langu na uzi wake — hakuna. Nimefunga jingine.

Jumapili, 10 Februari 2019

Baada ya misa, Fausto na Burbano pembeni ya mlango wa kanisa, wananong'ona. Nilipokaribia wakaanza habari za mvua. Mvua!

Mezani Fausto kasema lenzi ile inavuta hata unyoya mmoja. Tangu lini anajua mambo ya lenzi? Alipolala mchana nikaenda kuzitazama buti zake. Udongo mwekundu, wa korongoni. Shambani kwetu ni mweusi tititi.

Nilimsubiri aamke. Nikamuuliza.

"Sasa unanikagua hadi matope? Umekuwa polisi?"

"Jibu, Fausto."

Akavuta kiti, akakaa. "Wageni wote wanalala kwa Hermelinda. Wote! Picha moja tu ikijulikana imepigwa kwetu, watakuja kwetu. Au unataka nife nikikamua miwa?"

"Nimekuuliza kuhusu jani."

Kavaa kofia katoka.

Nahamia chumba cha Gladis. Tangu binti yetu aolewe mjini Ibarra kitanda kiko kitupu.

Jumanne, 12 Februari 2019

Jani limetolewa tena. Kinda mmoja tu. Mvua ya jana ilimwagika kama iliyofunguliwa mlango. Yule mwingine nimemtafuta chini, kwenye majani, kwenye maji. Sikumwona.

Nimefunga jani jipya. Uzi ulinishinda mara kwa mara.

Nilipomwambia Fausto, akaacha kutafuna. Akatoka, akasimama mvuani bila kofia. Huzuni, au maigizo? Nachukia kujiuliza hivyo juu ya mtu niliyezaa naye. Lakini najiuliza.

Jumatano, 13 Februari 2019

Niko korongoni, chini ya kangaga, naandikia gotini. Fausto kaaga anakwenda kwenye kinu cha miwa. Moshi wa kinu siuoni.

Mama mtu hayupo. Kinda kanyamaza. Nasubiri.

Watu wanakuja. Fausto mbele. Burbano nyuma, na stendi ya kamera.

Burbano anambembeleza: Don Fausto, jani litoke kidogo tu, mwanga kama huu haurudi. Fausto anasema, juzi ulisema hivyohivyo. Burbano: kinda amekufa kwa mvua, rafiki yangu, hakufa kwa picha.

Kwa hiyo ni kweli. Wote wawili.

Fausto amesimama kati ya kiota na kamera. Hasogei. Wala hamfukuzi! Burbano anafungua miguu ya stendi, taratibu, kama mtu aliyekwishajibiwa.

Nataka kupiga kelele. Nimeshavuta pumzi — mama mtu huyo! Ananing'inia hewani mbele ya kiota, kifua kinang'aa, kinafifia, kinang'aa. Nikiinuka atakimbia, na kinda hajala tangu nimefika. Nikinyamaza —

Fausto ameniona. Ametazama moja kwa moja hapa kwenye kangaga. Hakushtuka. Ameweka kidole mdomoni. Nyamaza.

Kwa ajili ya ndege?

Mkono wake wa pili umeshika jani nililolifunga.