Mchezo wa Kimya wa Yordani

Hapana Sadala, hajafa mtu. Ndiyo nakueleza.

Yordani wa Ngombezi, mtunga michezo aliyetuvunja mbavu miaka yote, uzeeni katunga mchezo wa watu kukaa kimya tu. Mimi sikujua.

Nafika kwake, watu wako mkekani, vichwa chini. Nikavua viatu, nikawapa mikono, "Poleni kwa msiba." Nikaomba dua, Sadala. Dua nzima. Watazamaji waliokaa pembeni nao wakaamini ni msiba, wakaitikia amina, kina mama wakaenda kupika.

Yordani kanivuta kando. "Hussein, huu mchezo. Wakae kimya mpaka jioni."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Sasa mbona umewanunisha?"

Ubwabwa ulipokuja, wale wafiwa wa mkekani ndio wakawahi kunawa. Yordani kawakazia macho, wapi. Mwisho naye kanawa, tukakaa wote tukala.