CD ya Baba Mkwe Kwenye Shamba la Ulezi

Mpendwa mshauri, Bwana Yesu asifiwe. Naomba unisaidie kabla Krismasi haijafika, maana siku hizi kwenye kwaya najificha nyuma ya walio warefu ili mama mkwe asinione uso.

Baba mkwe alilala katika Bwana, na sauti yake ilibaki kwenye CD moja tu, ya kipaimara cha mwanangu, pale anaposimama kumbariki mtoto na kuwatania wazazi wake wa ubatizo, na kila Krismasi watoto wakipanda kutoka Dar mama mkwe husema, "Washeni deki, nimsikie mzee wangu," basi tunakaa wote, naye anacheka mahali palepale kila mwaka. Krismasi iliyopita mke wa shemeji yangu, nimwite Theopista, aliiazima akawaonyeshe wanawe, akairudisha mkononi mwangu nimpelekee mama, nikaiweka kabatini pamoja na CD mbovu za watoto, nikasahau. Ulezi ulipoanza kukomaa kule shamba la chini ndege wakatuvamia, na sisi huku hutundika CD kwenye kamba zimetamete wakimbie, nikazikumba zote bila kuangalia nikazifunga. Wakati wa kuvuna ndipo nikaona moja ina mwandiko wa mpiga video, "Kipaimara", wino umefifia. Nikaiosha kwa sabuni huku naomba, deki ikaizungusha weee, ikaitema.

Mshauri, sikusema. Mama mkwe alipoiulizia nilinyamaza, akaamini Theopista hakuirudisha. Tukichuma kahawa akasema mbele za watu, "Yule amenizikia mume mara ya pili. Krismasi asikanyage kihambani, hapa nyumbani kwangu." Theopista akanipigia simu analia, "Dada, mimi nakumbuka nilikupa. Au niliiangusha njiani?" Nikamjibu, "Labda, mdogo wangu."

Hilo "labda" ndilo linalonikaba. Natubu kila siku, amani siioni. Nifanyeje?

Mwanakwaya, Masama

*

Mwanakwaya, pole. Kutundika CD kwenye ulezi si dhambi, ni haraka tu. Ndege hawamngoji mtu asome maandishi. Lakini lile "labda" ulijua ni uongo kabla hujalitamka, na mtu anayekuita dada sasa anatilia shaka akili yake mwenyewe. Hapo sikubembelezi.

Unatubu kwa Mungu, vizuri. Ila Mungu hajafukuzwa kihambani. Aliyefukuzwa ni Theopista.

Acha kuiosha hiyo CD. Hizi za kuchomwa mtaani picha hukaa kwenye rangi nyembamba, na jua likishaila rangi hiyo hakuna sabuni ya kuirudisha. Mtafute mpiga video, huenda alibakiza nakala. Waulize na wale wazazi wa ubatizo. Lakini usisubiri ipatikane ndipo useme! Ukija na nakala mkononi utashangiliwa, na mwenzako atabaki na lawama.

Kesho kata jani la masale kwenye uzio wako, lile la kuombea msamaha, Mchagga hafundishwi maana yake, umpelekee Theopista kwanza umwombe radhi. Kisha mwende wote kwa mama mkwe. Useme wewe, yeye akae. Mama atafoka, mwache afoke, umemnyima sauti ya mumewe.

Na Krismasi nakala isipopatikana, mwombeni mama mwenyewe asimulie mzee alisema nini. Mtu anayejua pa kuchekea hajasahau hata neno. Mrekodini kwa simu, kila nyumba ibaki na nakala yake, na atakayeishika hiyo simu awe Theopista.