Mikate Nyuma ya Kabati

Baba Watoto,

Nimewahi zamu. Kitinda mimba wetu akimaliza kula mchana, akae chooni dakika kumi, miguu juu ya kile kigoda. Dawa yake kijiko kimoja. ~~Akijichafua tena mwambie~~ Akijichafua usiseme kitu, mbadilishe tu. Daktari alisema choo kigumu kimeziba, chepesi kinavuja bila yeye kuhisi.

Asubuhi nilivuta kabati nifagie, nikakuta mikate yake ya siku nne. Ameniambia asipokula hatajichafua. Nilipombeba alikuwa mwepesi mno.

Kaa ule naye, nakuomba. Usimwache peke yake na sahani. Na lile jina la kumtania harufu yake, Bi Marashi, tulizike leo. Ulimbandika wewe, lakini nami nilicheka.

Mama yao